Mfinyanzi Kwenye Safu ya Vibarua

Miaka mitatu iliyopita wanafunzi wanne walikuja ofisini kwangu na karatasi moja. Walitaka kusajili klabu ya ufinyanzi, na kanuni za chuo zinadai kila klabu ya wanafunzi iwe na mlezi ambaye ni mhadhiri. Walikuwa wamekwisha kukataliwa na wahadhiri wawili. Mimi nafundisha sayansi ya siasa, nami niliwaambia wazi kwamba sioni uhusiano kati ya somo langu na vyungu. Binti aliyekuwa msemaji wao akajibu kwa adabu, "Dokta, hatuhitaji ujue kufinyanga. Tunahitaji saini tu."

Nikasaini. Sikuwaambia kwamba nililelewa na mfinyanzi.

Klabu ilianza kukutana kila Jumamosi asubuhi katika banda lililoachwa na mafundi wa ujenzi nyuma ya mabweni. Walikuwa na gurudumu moja, lililoundwa na fundi wa kuchomelea kwa mota ya mashine ya kufulia nguo. Udongo waliununua kwa magunia kutoka kwa wafyatua matofali. Mwalimu wao alikuwa simu: walitazama video za wafinyanzi wa Uingereza, Japani na Marekani, wakasimamisha picha, wakajaribu, wakarudia. Ada ilikuwa shilingi elfu tano kwa mwezi, na waliamua kwamba mlezi naye alipe.

Nilikwenda mara ya kwanza ili nisaini daftari la mahudhurio. Mara ya pili nilikaa nusu saa. Mara ya tatu nilikunja mikono ya shati. Kilichonivuta ni mazungumzo. Darasani kwangu wanafunzi husema wanachodhani mwalimu anataka kusikia. Pale bandani, mikono ikiwa imejaa udongo na hakuna awezaye kushika simu, walizungumza kama watu walio nyumbani: juu ya mkopo uliochelewa, juu ya kaka aliyemaliza shahada miaka minne iliyopita na sasa anaendesha bodaboda, juu ya sababu za kutojiandikisha kupiga kura. Mwanafunzi wa uhandisi alimwelekeza wa sheria namna ya kuweka bonge la udongo katikati ya gurudumu. Wa uuguzi aliwashinda wote wawili. Hapakuwa na alama wala mtihani, na kwa sababu hiyo walikuwa na bidii ambayo sijaiona katika semina yangu hata moja.

Baada ya miezi mitano walichoma vyungu sita vya kwanza katika tanuri dogo la matofali. Vilikuwa vizuri kutazama, vyembamba na laini. Wakaamua kuvizindua kwa kupika maharage ya klabu nzima. Maharage hayajachemka vizuri, chungu kikatoa mlio kama wa kijiti kinachovunjika, kikagawanyika pande mbili, na chakula chote kikamwagika motoni. Watu wakacheka. Aliyekifinyanga hakucheka. Alikuwa amekishughulikia kwa wiki sita.

"Mmetoa changarawe yote," nilisema kabla sijafikiri.

Walikuwa wamefuata maelekezo ya video. Wameuponda udongo, wameuchekecha mara tatu kwa chekeche la unga, wameondoa kila punje. Kwa bakuli la kuwekwa mezani, litakalochomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,200 na zaidi na kupakwa rangi inayogeuka kioo, hiyo ni kazi safi. Kwa chungu cha kukaa juu ya mafiga ni kosa. Moto wa kuni hupasha tako la chungu haraka kuliko mdomo wake. Sehemu iliyopata joto hutanuka, nyingine haijatanuka, na ufa huanzia hapo. Katika udongo ulio laini kama unga ufa hupita moja kwa moja, maana hakuna cha kuuzuia. Katika udongo wenye punje na vitundu vidogo, ufa hugonga punje na kuishia hapo.

"Umejuaje, Dokta?" aliuliza yule binti.

Hapo ndipo nilipowaeleza habari za Kwakoa.

Kwakoa iko wilayani Mwanga, upande wa mashariki wa milima ya Upare Kaskazini, kwenye tambarare kavu inayotazama Mkomazi na mpaka wa Kenya. Mvua inayonyesha mlimani mara nyingi hatuioni. Tunaona mawingu yake tu. Bibi yangu alizaliwa Usangi, juu mlimani, akaolewa tambarare, akashuka na kazi ya mikono yake. Alimfundisha binti yake, shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Kwetu kufinyanga kulikuwa kazi ya wanawake. Mimi nilibeba udongo kutoka korongoni, nilibeba kuni, na nilisaga vigae. Vyungu vilivyovunjika havikutupwa. Vilitwangwa vikawa chenga, chenga zikakandwa pamoja na udongo mpya. Hizo ndizo punje ambazo klabu yetu ilizichekecha na kuzitupa.

Shangazi alijua kipimo chake kwa vidole. Chungu cha kupikia kilipata chenga nyingi. Mtungi wa maji ulipata kiasi chake, ili maji yapenye taratibu, yafike nje, yageuke mvuke na kuondoka na joto. Katika tambarare isiyokuwa na umeme wakati ule, mtungi huo ndio uliotunywesha maji ya baridi mchana wa Januari. Alivijenga kwa mikanda ya udongo, mmoja juu ya mwingine, bila gurudumu, yeye mwenyewe akizunguka chungu kinyumenyume. Alivikausha kivulini kwa siku kadhaa, akavisugua kwa kokoto laini, kisha akavipanga chini na kuvifunika kwa kuni na majani makavu. Vikipoa alivigonga kimoja kimoja kwa kucha na kusikiliza. Chenye ufa usioonekana hutoa sauti ya kikohozi, nacho hakikupelekwa gulioni hata kama tulikuwa na shida ya fedha kiasi gani.

Fedha hizo za gulioni ndizo zilizonilipia ada ya sekondari. Siku ya kuripoti kidato cha kwanza, shule ya bweni, tulipewa fomu ya kujaza. Palikuwa na mstari unaouliza kazi ya mzazi au mlezi. Wa mbele yangu aliandika karani. Mwingine aliandika mwalimu. Nilikaa na kalamu muda mrefu, kisha nikaandika "mkulima". Shangazi alikuwa na ekari moja ya mahindi ambayo miaka mingi haikuvunwa kitu. Lakini mkulima lilikuwa neno lenye heshima katika nchi yetu. Lilikuwa katika nyimbo na katika hotuba. Mfinyanzi niliona ni neno la kuchekwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na tayari nilikuwa nimekwisha kufundishwa, bila somo lolote la wazi, ujuzi upi una jina na upi hauna.

Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alionya kwamba shule zetu zinamfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yenye maana yamo vitabuni au vichwani mwa waliosoma, na kwamba anayoyajua mzee wake ni ya kudharauliwa. Nimekifundisha kijitabu hicho kwa miaka mingi. Sikupata kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kijana huyo ni mimi.

Wanafunzi wakataka kwenda Kwakoa. Tulikwenda kumi na mmoja wakati wa likizo fupi, kwa nauli zetu. Shangazi aliwapokea kwa shikamoo zao kumi na moja, akaitikia marahaba ya kila mmoja, kisha akawapa majembe. Siku ya kwanza haikuwa ya kufinyanga hata kidogo. Walichimba, walibeba, walianika. Siku ya pili walitwanga vigae. Yule mwanafunzi wa uhandisi alitoa daftari akataka kujua uwiano wa chenga na udongo kwa asilimia. Shangazi akamkamata mkono, akauzamisha kwenye udongo na kumwambia, "Kanda, mjukuu wangu. Ukishiba chenga utakwambia." Jioni aliweza kutofautisha, na daftari lake lilikuwa limekwisha kupata maelezo ambayo simu haikumpa kwa miezi mitano.

Waliporudi waliomba kitu kimoja: shangazi aje chuoni kwa siku kumi afundishe klabu nzima, na chuo kimlipe. Niliona ni ombi la haki. Chuo kina utaratibu wa mtaalamu mwalikwa, na nimewahi kuutumia kuwaalika wabunge wastaafu, wanasheria na waandishi wa habari. Shangazi akaja kwa basi, akafundisha siku kumi. Wiki ya pili banda halikutosha. Walikuja hata wanafunzi wa idara ambazo sizijui.

Siku ya tisa nilipeleka fomu ya malipo kwa mhasibu. Nataka nimtendee haki mhasibu huyo, kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma hapa mko katika kiti kama chake.

"Dokta, naomba kivuli cha cheti chake cha juu kabisa," alisema.

"Hana."

"Hata cha ufundi?"

"Hana. Lakini amefanya kazi hii zaidi ya miaka hamsini."

"Sikatai. Ila wakaguzi wakija nitawaonyesha miaka hamsini iko wapi?" Akafungua faili lingine. "Tunaweza kumweka kwenye safu ya vibarua. Hiyo haidai cheti. Namba ya NIDA na saini vinatosha, na leo hii analipwa."

Hakuwa mtu mbaya. Aliyasema hayo kwa nia ya kusaidia. Sharti la cheti halikuwekwa na mjinga: liliwekwa kwa sababu fedha za umma zimewahi kulipwa kwa wawezeshaji hewa, na kila mhasibu anajua siku Mkaguzi atakapouliza, atakayejibu si mhadhiri. Tatizo ni kwamba kanuni iliyotungwa kumzuia asiyejua kazi ilikuwa sasa inamzuia anayeijua kuliko sisi sote. Mimi, ninayelipwa mshahara kufundisha juu ya dola na raia, nilichukua kalamu na kuandika kwa mkono wangu, mbele ya jina la shangazi yangu, "kibarua". Nilijiambia kwamba la muhimu ni alipwe kabla ya basi la asubuhi. Kwa siku kumi alipata kiasi ambacho mtaalamu mwalikwa angepata kwa siku mbili.

Nilidhani hatalijua neno hilo. Huo ndio ukweli, na ndio unaoniumiza zaidi. Msaidizi wa ofisi alikuwa amekwisha kumsogezea wino wa dole gumba. Shangazi akausukuma pembeni, akatoa miwani mkobani na kuomba kalamu.

Nilikuwa nimesahau. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalifika hadi vijiji vya tambarare. Shangazi, ambaye hakupata kukaa kwenye dawati la shule akiwa mtoto, alijifunza kusoma jioni baada ya kazi. Taifa hili lilimfundisha kusoma. Alifuata mstari kwa kidole chenye udongo kwenye kucha, akasoma jina lake, kisha akasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi, "Ki-ba-ru-a."

Akaniangalia mimi, hakumwangalia mhasibu. "Kibarua wa nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akatia saini, akazihesabu fedha, akashukuru. Njiani kwenda kituo cha mabasi alisema bila hasira, "Fedha sikatai. Lakini kibarua huelekezwa kazi na mwenye kazi. Mimi pale nilielekezwa na nani?"

Nimeirudia ile fomu kichwani mara nyingi. Tangu hapo nimeanza kutazama upya yale tuyaitayo maarifa ya chuo kikuu juu ya nchi yetu wenyewe. Tunajuaje kwamba wakulima waliofua chuma walikaa Upare tangu zamani sana? Tunajua kwa vigae. Robert Soper alichimba vyungu vilivyovunjika huko Kwale, Kenya, miaka ya 1960, na vya aina hiyohiyo vikapatikana Bombo Kaburi, Upare Kusini. Wanaakiolojia huvikadiria kuwa vya karne ya 3 hivi. Vigae vya aina nyingine vimepewa jina la Maore, wilayani Same. Mwaka 1971 Knut Odner alichapisha matokeo ya uchimbaji wake katika eneo la hospitali ya Usangi, mlima uleule aliozaliwa bibi yangu. Watu wamepata shahada na uprofesa kwa kusoma mapambo ya mdomo wa chungu na chenga zilizokandwa ndani yake. Kigae kikifukiwa karne kumi na saba kinakuwa ushahidi wa kisayansi. Anayeyajua mambo hayo kwa mikono na yu hai anakuwa kibarua.

Hata hivyo chuo kikuu chetu kimewahi kufanya vinginevyo. Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alipoandika historia ya siasa ya Wapare iliyotoka 1969, hakuwa na maktaba ya kutegemea kwa karne za nyuma. Aliwasikiliza wazee. Masimulizi yao juu ya Washana, ukoo wa wahunzi waliotawala Ugweno kabla ya Wasuya, yakawa chanzo kinachokubalika cha historia. Kizazi kile cha wanahistoria wa Dar es Salaam kililazimisha ulimwengu wa wasomi ukubali kwamba mzee asiye na cheti anaweza kuwa ndiye ajuaye. Vita hivyo walivishinda katika tanbihi za vitabu. Katika fomu za malipo bado havijapiganwa.

Wala si jambo la Tanzania peke yake. Nchini Nigeria, Ladi Kwali alifundishwa kufinyanga na shangazi yake, kijijini, bila shule. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Miaka ya 1970 kijana mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisoma Uingereza, Magdalene Odundo, alikwenda kujifunza kituoni hapo. Leo Odundo ni miongoni mwa wafinyanzi mashuhuri duniani, na 2018 akawa mkuu wa chuo kikuu cha sanaa huko Uingereza. Naye Ladi Kwali, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima 1977, na sura yake imechapishwa nyuma ya noti ya naira 20. Walikuwepo watu waliokaa katika kikao na kuamua kwamba ujuzi huu una jina. Maamuzi ya aina hiyo hufanywa na watu wa kawaida wenye ajenda mezani.

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na kila mtu anazungumza juu ya ujuzi na vitendo. Naiunga mkono. Lakini amali inahitaji walimu, na ikiwa tutawatafuta miongoni mwa wenye vyeti tu, tutarudi palepale penye banda letu, video na chungu kinachopasuka. VETA ina utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, kisha hupewa cheti. Kwa fundi seremala anayetafuta ajira mjini, cheti hicho ni mlango. Kwa mtu kama shangazi yangu najiuliza swali jingine: nani atakuwa mtahini wake? Kabla hatujamwambia aje apimwe, pengine inafaa tumweke upande wa pili wa meza.

Wanafunzi wa klabu hawakungoja tafakuri zangu. Waliandika barua ya kurasa mbili kwa uongozi wa chuo. Hawakudai kanuni ya cheti ifutwe. Wanapendekeza iongezwe safu moja katika fomu, ya mtaalamu kwa uzoefu, atakayethibitishwa na idara husika pamoja na watu wawili wa fani yake, ili mhasibu awe na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Yule mwanafunzi wa sheria aliiandika vizuri kuliko ambavyo ningeiandika mimi. Barua iko katika ajenda za kikao kijacho, na mimi ni mjumbe.

Mwezi uliopita walipika tena maharage, katika chungu walichokikanda kwa vigae vya kile kilichopasuka. Yalichemka saa mbili. Walinipigia simu ili nimwambie shangazi, nami nikampigia papo hapo. Alifurahi, akauliza kama walikigonga kwanza na kusikiliza. Nikamuuliza kama atakuja tena.

"Waje wao," alisema. "Huku hatujazi fomu."